Kisanduku Chekundu na Wimbo wa Bibi Dorotea

"Dona au sembe?"

Queen aliuliza swali hilo kila jioni, mpaka wakati mwingine alilisema usingizini. Akishatoka shule, akavua sare na kula alichowekewa, alikwenda kwenye banda la mashine ya kusaga ya baba yake, hapo hapo nyumbani kwao Buswelu. Kazi yake ilikuwa kupokea ndoo na viroba vya wateja na kuwauliza wanataka nini. Mmoja alitaka dona, mwingine sembe. Mwingine alileta udaga, yaani muhogo mkavu, na mwingine alitaka chenga za kuku tu. Kila kazi ilikuwa na chujio lake, na baba yake, Bwana Mayala, hakuwasha mashine kabla ya kusikia jibu.

"Mashine haijui mteja anataka kula nini," alipenda kusema, huku vumbi la unga limempa mvi kabla ya wakati wake. "Anayejua ni mteja mwenyewe, na mteja husema akiulizwa."

Queen alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na jambo linalosikika mara nyingi mno huishia masikioni, haliteremki moyoni.

Mwezi huo walikuwa na mgeni. Bibi Dorotea, mama yake Bwana Mayala, alikuwa amekuja kutoka kijijini kwake kando ya ziwa, upande wa Magu, kwa ajili ya matibabu. Alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, nalo lilikuwa limekua hadi likaanza kumbana pumzi. Madaktari walipanga kumfanyia upasuaji siku ya Jumatatu. Walimweleza bila kumficha kwamba uvimbe ulikuwa jirani sana na mishipa ya sauti. Angepona, Mungu akipenda, lakini huenda sauti yake isirudi kama ilivyokuwa.

Kwa mtu mwingine hilo lingeweza kuwa jambo dogo. Kwa Bibi Dorotea halikuwa dogo hata kidogo. Huko kwao, yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kulimia. Wanawake walijipanga mstari shambani, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja, na sauti yake ndiyo iliyowaongoza tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Nyimbo zile za Kisukuma hakuna aliyeziandika popote. Zilikaa kifuani mwake.

"Sauti ikienda, nyimbo nazo zimekwenda," alisema jioni moja, akijaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye.

Hapo ndipo Bwana Mayala alipoamua kwamba nyimbo zirekodiwe kabla ya Jumatatu. Kompyuta mpakato kuukuu ilikuwepo nyumbani. Dada yake, Shangazi Malimi, aliwahi kurekodi kwa simu msimu uliopita kule shambani, lakini ilitoka vurugu tupu. Yalisikika makofi, vicheko, mbwa, na wanawake wakipaza sauti kuliko Bibi mwenyewe.

"Tatizo ni hao watu," Queen alisema baada ya kuisikiliza simu ya shangazi yake. "Bibi inabidi awe peke yake chumbani, pawe kimya kabisa, kama wanavyofanya wasanii. Tunahitaji maiki nzuri na saundi kadi."

"Saundi kadi ndiyo nini?" baba yake akauliza.

"Ni kisanduku kinachokaa katikati, Baba. Maiki unaichomeka kwenye kisanduku, kisanduku unakichomeka kwenye kompyuta. Bila hicho, kompyuta haiwezi kuipokea sauti vizuri."

Bwana Mayala alimtazama kwa fahari. "Kumbe nina fundi mitambo humu ndani! Basi wewe ndiye utakayechagua."

Ukweli ni kwamba Queen alikuwa amejifunza hayo juzi tu, kwa kutazama video kwenye simu. Angeweza kusema hivyo. Lakini sifa ni tamu, na aliyeonja utamu wake hapendi kuutema.

Kesho yake shuleni alimtafuta Pius, mwanafunzi mwenzake wa darasa la saba, ambaye kaka yake alikuwa na studio ndogo Buzuruga. Kwa sababu ya studio hiyo, Pius alitembea kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyeijenga.

"Chukua ile nyekundu yenye taa," Pius alisema bila hata kufikiri. "Ndiyo kali."

"Kwa nini ndiyo kali?"

"We naye! Nyekundu ni nyekundu. Halafu nisikilize, ukifika dukani usiulizeulize. Ukiuliza, wanajua wewe mshamba, basi wanakupandishia bei. Wewe ingia kama mtu anayejua."

Queen aliyachukua maneno hayo yote na kuyafunga kibindoni.

Ijumaa alasiri, baba na binti walishuka mjini. Duka la vifaa vya muziki la Mzee Mohanlal lilikuwa la miaka mingi, na mzee mwenyewe alikaa nyuma karibu na feni, akisoma gazeti. Aliyehudumia wateja ni mkwe wake, Falguni, mwanamke mchangamfu aliyezaliwa na kukulia hapo hapo Mwanza. Bwana Mayala alisalimia, kisha akatazama ng'ambo ya barabara.

"Dada, mimi nakwenda mara moja hapo mbele kutafuta mkanda wa mashine. Huyu binti yangu ndiye mjuzi wa mambo haya. Malizana naye, mimi nitakuja kulipa."

Queen akabaki peke yake mbele ya meza ya kioo. Chini ya kioo kile visanduku vilipangwa vya kila namna, na kimoja kilikuwa chekundu, kinang'aa, kina taa ya duara mbele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mwanangu. Mnataka kurekodi nini?"

"Nyimbo."

"Nyimbo za namna gani? Kuna gitaa, kinanda?"

"Hapana. Ni bibi yangu anaimba."

"Vizuri. Anaimba peke yake, au kuna wanaomwitikia?" Falguni aliuliza. "Nakuuliza kwa sababu hata sisi, zile nyimbo zetu za hekaluni, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Kama ni hivyo, mtahitaji chenye matundu mawili ya maiki, ili Bibi awe na maiki yake na wenzake wawe na yao."

Queen alisita. Aliwakumbuka wale wanawake waliopaza sauti kwenye simu ya shangazi yake. Je, walikuwa sehemu ya wimbo, au walikuwa wakipiga makelele tu? Hakujua. Katika miaka yake yote hakuwahi kumwuliza Bibi habari za nyimbo zake. Angesubiri baba arudi wampigie Bibi simu, jambo lingekwisha. Lakini aliyakumbuka ya Pius, na aliona aibu kubwa mno kutamka neno lile dogo, sijui.

"Peke yake," alijibu haraka.

"Una hakika?"

"Nina hakika, dada. Mimi najua mambo haya."

Falguni alitoa visanduku viwili na kuviweka juu ya kioo. Kimoja kilikuwa cheusi, hakina mapambo yoyote, chenye matundu mawili. Cha pili kilikuwa kile chekundu. "Hiki chekundu ni kizuri tu," alisema, "ila kumbuka kina tundu moja la maiki."

"Hicho hicho."

Bwana Mayala aliporudi na mkanda wake begani, aliuliza kama wameelewana, akaambiwa ndiyo, akalipia kisanduku na maiki moja. Njia nzima Queen alikipakata kisanduku kile mapajani.

Jioni hiyo mashine ilizimwa mapema. Madirisha ya chumba yalizibwa kwa mablanketi. Shangazi Malimi alikuwa amefika na jirani zake wawili, wamejifunga kanga viunoni tayari kwa kazi, lakini Queen aliwatoa wote nje.

"Na sisi tusiingie?" shangazi akashangaa.

"Mtaharibu sauti, Shangazi."

Akafunga mlango, akamkalisha Bibi mbele ya maiki, akamvisha hedifoni.

"Mbona wanifunga masikio?" Bibi Dorotea aliuliza. "Nimekuja kuimba au kusikiliza?"

"Ndivyo wanavyofanya, Bibi. Anza sasa."

Bibi alifumba macho, akaanza. Sauti ilikuwa imechoka kwa sababu ya rovu, lakini ilikuwa bado na ule uzito wake mtamu, na Queen alisisimka mwili mzima. Halafu Bibi akanyamaza. Alisubiri kidogo, akaimba mstari ule ule tena, kisha akanyamaza tena na kutazama mlangoni.

"Endelea, Bibi."

"Nitaendeleaje? Nimeuliza, sijajibiwa."

"Umeuliza nini?"

Bibi alivua hedifoni taratibu. "Mjukuu wangu, huu ni wimbo wa jembe. Mimi nauliza, 'Nani kaacha jembe mvuani?' Watu wananijibu, 'Si mimi, muulize mwenzangu.' Kisha namtaja mmoja mmoja kwa jina, naye ananijibu hivyo hivyo, si mimi. Tunakwenda hivyo mpaka apatikane mmoja wa kusema, 'Ni mimi, nisameheni.' Hapo tunacheka, tunaweka majembe chini, tunapumzika. Asipopatikana wa kukiri, wimbo hauishi. Sasa nitaimbaje na ukuta?"

Queen alihisi joto likimpanda usoni. Alikwenda kufungua mlango, akawaita shangazi na wenzake. Lakini maiki ilikuwa moja, na tundu lilikuwa moja. Walipoisogeza kwa Bibi, waitikiaji walisikika kwa mbali kama watu wa kiwanja cha pili. Walipoiweka katikati ya chumba, waitikiaji walimmeza Bibi mzimamzima, kama ilivyokuwa kwenye simu. Walijaribu kukaa hivi, wakajaribu kusimama vile. Mwishoni Bibi alishikwa na kikohozi, akainua mkono.

"Tuache," alisema kwa taabu. "Labda Mungu hakutuandikia."

Bwana Mayala, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimgeukia binti yake. "Fundi, tatizo ni nini?"

Watu wote walimtazama Queen. Jibu la kweli alikuwa nalo mdomoni, lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Kisanduku ni kibovu, Baba. Wametuuzia kibovu."

"Kibovu?" Bibi akauliza, akikitazama. "Mbona taa yake inawaka vizuri hivyo?"

Queen aliinama kukusanya nyaya. Baba yake alikunja uso. "Kesho asubuhi watanieleza vizuri," alisema.

Usiku ule Queen alikula kidogo, na watu wakadhani ni huzuni ya wimbo. Ilikuwa huzuni, ndiyo, lakini kubwa zaidi ilikuwa hofu. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeshaonekana mwisho wake, pale pale mbele ya meza ya kioo.

Jumamosi asubuhi walikuwa wa kwanza dukani. Bwana Mayala si mtu wa kugombana, lakini siku hiyo hakusubiri hata salamu iishe.

"Dada, mlichotuuzia ni kibovu. Mama yangu anakwenda kufanyiwa upasuaji wa shingo. Nilitaka sauti yake ibaki, na jana tumehangaika mpaka akaishiwa pumzi."

Falguni alisikitika. Alikichukua kisanduku, akakichomeka kwenye kompyuta ya dukani, akachomeka maiki na kuhesabu moja, mbili, tatu. Sauti ilitoka safi. Akamtazama Queen. Queen akatazama viatu vyake.

Mzee Mohanlal alikunja gazeti, akasogea taratibu. "Kuna nini, Falguni?"

"Wateja wanasema hakikufaa, baba. Ila ni kizima."

"Kama ni kizima na hakikufaa, basi walipewa kisichowafaa. Mara ngapi nimesema, mteja aulizwe kwanza anataka kufanya nini? Mtu ana mgonjwa nyumbani, wewe unampa chochote tu?"

"Niliuliza, baba."

"Uliuliza, halafu imekuwaje?" Mzee alitikisa kichwa. "Kijana ukimwachia duka, anauza rangi."

Falguni alifungua mdomo, kisha akaufunga. Labda hakutaka kubishana na mkwewe mbele ya wageni, au labda alimwonea huruma mtoto aliyesimama pale ameinamisha kichwa. Macho ya Falguni yalianza kulengwalengwa na machozi. Queen aliyaona, na ndiyo yaliyomshinda. Kudanganya kuhusu kisanduku alikuwa amekuweza, kwa kuwa kisanduku hakiumii. Huyu mbele yake alikuwa akiumia, na kosa halikuwa lake.

"Ni mimi," alisema.

Watu wazima wote watatu walimgeukia.

"Ni mimi, nisameheni. Dada aliniuliza kila kitu. Aliniuliza kama Bibi anaimba peke yake, nikasema ndiyo, wakati sikujua. Akaniuliza nina hakika, nikasema nina hakika. Alinionyesha na cheusi chenye matundu mawili. Mimi nilitaka chekundu." Sasa alikuwa analia wazi wazi. "Baba, si kibovu. Nilikudanganya. Niliona aibu kusema sijui."

Kisha Bwana Mayala alifanya jambo ambalo Queen hakulitarajia. Alimwacha yeye kwanza, akamgeukia Falguni.

"Dada, nakuomba radhi. Nimekuja hapa na kelele bila kuuliza. Huyu amerithi kwangu."

Falguni alipangusa macho, akacheka kidogo. "Yamekwisha, kaka. Mtoto aliyesema mwenyewe mbele ya watu, huyo hajapotea."

Mzee Mohanlal alikohoa. Ukutani nyuma yake palibandikwa tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Alilitazama tangazo, akamtazama Queen, kisha akasema, "Na mimi nimemgombeza mkwe wangu bila kumsikiliza. Leo tumekosea wengi humu ndani. Kisanduku hakina mkwaruzo. Falguni, wabadilishie." Bei ya vile viwili haikupishana sana, na hilo halikuleta shida.

"Haya, tuanze upya," Falguni alisema. "Kompyuta yenu ina tundu la waya la namna gani?"

"Sijui," Queen alijibu. Neno lile lilitoka jepesi kuliko alivyodhani. "Ila leo tumekuja nayo, uitazame mwenyewe."

Falguni aliitazama, akachagua waya unaofaa. "Na maiki ya pili mnayo?"

"Sijui kama kwaya anayoimba Shangazi Malimi itatuazima. Baba, tunaweza kumpigia tukamwuliza?"

Walimpigia, na shangazi akasema maiki ipo, atakuja nayo. Kabla ya kuondoka, Queen aliuliza na mengine. Kila tundu lina kitufe chake cha kupandisha na kushusha sauti? Bibi akae umbali gani na maiki yake? Waitikiaji wakae wapi? Falguni alijibu yote, moja baada ya jingine, na hakupandisha bei hata shilingi.

Walipofika nyumbani banda la mashine lilikuwa limejaa, maana Jumamosi ndiyo siku ya watu kusaga unga wa wiki. Queen alikwenda moja kwa moja kwa Bibi, akamweleza yote tangu mwanzo, hata yale ya Pius. Bibi alisikiliza bila kumkatiza.

"Sasa Bibi, nikuulize," Queen alimalizia. "Unataka waitikiaji wangapi, na wakae wapi?"

Bibi Dorotea alitabasamu, na tabasamu lile lilimpendeza kuliko dawa zote alizokuwa amekunywa mwezi ule. "Jana ungeniuliza hivyo, tungelala mapema," alisema. "Nataka wengi. Na wasiwe mbali, niwaone macho."

Wengi walikuwepo tayari. Bwana Mayala alizima mashine, akawatangazia wateja kwamba unga utachelewa kidogo kwa sababu mama yake anataka kuimba. Mama Shigela, mwanamke wa makamo aliyekaa juu ya kiroba cha mahindi akipiga soga, aliruka kama msichana.

"Wimbo wa jembe? Naujua! Kwetu tumeulimia mpaka mikono ikaota sugu."

Wanawake waliingia sebuleni na vumbi la unga miguuni. Bibi alikaa upande mmoja na maiki yake karibu na mdomo, waitikiaji walisimama upande wa pili na maiki ya kwaya. Queen aliketi mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, mkono mmoja kwenye kila kitufe cha kisanduku cheusi. Akapandisha kidogo upande wa Bibi, akashusha kidogo upande wa wenzake, mpaka sauti zote zikakaa pamoja bila moja kuimeza nyingine. Akainua kidole.

Bibi alianza. Nani kaacha jembe mvuani? Na safari hii jibu lilikuja kwa kishindo, makofi na miguu, si mimi, muulize mwenzangu. Bibi akamtaja Malimi. Si mimi. Akamtaja Mama Shigela, naye akakana huku akizungusha kiuno, watu wakacheka, na vicheko vile vikaingia kwenye wimbo vikapata nafasi yake. Akamtaja hata Mayala mwanawe, ambaye kwa kawaida haimbi, naye akakana kwa sauti nzito ya ajabu. Sauti ya Bibi ilipanda, ikakwaruza, ikashika tena. Queen aliisikia kwa karibu kana kwamba bibi yake ameegemea bega lake, na hakutaka iishe.

Kisha Bibi akageuka, akamtazama yeye, na kumtaja kwa jina.

Watu wote walisubiri. Queen alivua hedifoni, akasimama, na kwa Kisukuma chake cha kubabaisha cha mtoto wa mjini akaimba, "Ni mimi, nisameheni."

Vigelegele vilivyolipuka pale vilisikika mpaka barabarani. Shangazi Malimi alimkumbatia. Bibi aliegemea kiti, amechoka, uso wake umeng'aa kwa jasho na furaha. "Wabeja," alishukuru, akimtazama kila mmoja. "Wabeja sana. Sasa tumepumzika." Waliimba na nyingine kadhaa alizozitaka yeye mwenyewe, na unga wa watu siku ile ulisagwa jioni. Hakuna aliyelalamika.

Jumapili walimsindikiza hospitalini, na Jumatatu upasuaji ulifanyika salama. Rovu lilitolewa. Kwa siku nyingi Bibi alikatazwa kusema, akawa anaongea kwa mikono na macho. Aliporuhusiwa, sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya chini, yenye mikwaruzo. Ilitosha kuomba maji na kumgombeza Bwana Mayala kwa kutokula vizuri. Lakini kupanda haikupanda tena. Madaktari walikuwa wamesema kweli.

Jioni moja, baada ya Bibi kurudi Buswelu, Pius alikuja na kiroba cha mahindi.

"Dona au sembe?" Queen aliuliza.

"Dona. Halafu Queen, kaka anataka kuongeza saundi kadi. Wewe umeshanunua, hebu niambie ipi kali?"

"Kali kwa kazi gani? Anarekodi nani na nani?"

Pius alikuna kichwa. "Hapo sijui."

"Basi kamwulize, ndiyo uje."

Bwana Mayala, aliyekuwa akibadilisha chujio, alicheka mpaka akapaliwa na vumbi. Pius alipoondoka na unga wake, alizima mashine, akaketi kwenye benchi katikati ya mama yake na binti yake.

"Sasa nimeona umenielewa," alisema. "Mwanangu, kutojua si aibu. Hata mimi kila siku sijui mteja anataka nini, ndiyo maana nauliza. Aibu ni kuuficha ujinga, kwa sababu ukiuficha lazima uufunike kwa uongo, na uongo nao haukai peke yake, unamtafuta mtu wa kumwangukia. Ulikaribia kumwangukia dada wa watu asiye na kosa. Lakini ulisema mwenyewe, na kwa kusema kwako tumeipata sauti hii. Kuuliza si ujinga. Shika hilo, hata nisipokuwepo."

"Nimelishika, Baba."

Bibi Dorotea alinyoosha mkono kuomba hedifoni. Queen alileta kompyuta, akamvisha, akaufungulia wimbo wa jembe. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho, mguu wake ukipiga taratibu juu ya sakafu yenye unga. Machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyafuta. Ulipokwisha, alivua hedifoni na kuuliza kwa sauti yake mpya, ile nene.

"Huyu mwanamke anaimba vizuri. Ni nani?"

Queen alimshika mkono. "Ni wewe, Bibi."

Bibi Dorotea alitikisa kichwa, macho yake yakicheka.

"Si mimi," alisema. "Muulize mwenzangu."